Treni ya Kamanyola Iliyokwama Mezani

Nazungumza nanyi, wasikilizaji wa Makobola, wa Kigongo, wa Mboko, na ninyi mlio juu milimani, mnaolazimika kufunga antena mtini ndipo mtusikie. Usiku huu mwezi ni mpevu na mitumbwi imelala mchangani. Samaki wadogo wa ndagala hawaifuati taa wakati mbingu nzima ni taa, kwa hiyo siku hizi wavuvi wanashona nyavu, wanakula na watoto wao, na wananiletea mimi batri, waya na taa zilizowasumbua giza lilipokuwa nene. Leo mezani kwangu kuna taa tatu za mtumbwi. Nitazirudia. Kwanza tuzungumze habari ya treni.

Najua kuna mtu ameguna huko. Treni, Makobola? Vijana wengi wa hapa hawajawahi kuikanyaga reli. Lakini waulizeni wazee wa Uvira. Miaka ya 1930 kampuni ya CEFAKI, yaani reli ya Kivu, ilikuwa ikiendesha treni kutoka bandari ya Kalundu, ikifuata uwanda wa Ruzizi hadi Kamanyola. Mzigo ulishuka melini Kalundu, ukapakiwa kwenye mabehewa, na ulipofika Kamanyola ukahamishiwa kwenye malori ya kupanda mlima kwenda Bukavu. Reli ile iling'olewa kabla ya uhuru wa 1960. Leo mtu anatoka Uvira kwenda Luvungi kwa gari, anakula vumbi au matope kufuatana na majira, wala hajui kwamba babu yake huenda aliipita njia hiyo ameketi dirishani.

Nina mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, anayeishi Liège, Ubelgiji. Mchana anafanya kazi ghalani. Usiku anaijenga upya reli ya Kalundu na Kamanyola, mezani, katika chumba cha chini cha nyumba anayopanga. Msidhani ni mchezo wa mtoto mdogo. Huko Ulaya na Marekani kuna watu wazima, mafundi, walimu, madaktari, wanaotengeneza treni ndogo kwa vipimo vikali kabisa. Kipimo anachotumia mpwa wangu kinaitwa moja kwa themanini na saba. Mtu mzima wa mita moja na robo tatu anakuwa na urefu wa sentimita mbili. Angetaka kuitengeneza njia yote ya Kalundu hadi Kamanyola kwa kipimo hicho, angehitaji meza ya karibu kilomita moja. Yeye ana mita sita. Kwa hiyo ameweka Kalundu ukutani upande huu, ziwa amelipaka rangi ya buluu, Sange na Luvungi ziko katikati karibu karibu kama majirani, na Kamanyola iko kule mwisho, kwenye kona ya mlango.

Miezi kadhaa iliyopita alinitumia sauti kwenye simu. "Mjomba, treni inasimama Luvungi. Inatoka Kalundu vizuri, inapita Sange, ikifika Luvungi taa yake inapepesa, halafu inazimika. Nikiisukuma kwa kidole inaamka. Nimebadilisha kila kitu na bado."

Nikamwuliza, "Umebadilisha nini?"

Akanitajia. Alikuwa amenunua kibao kipya cha umeme cha ndani ya kichwa cha treni. Kisha akanunua kisanduku kipya cha kutoa amri. Hela aliyotumia, dada yangu angeweza kuezeka nyumba kwa mabati.

Nikamwuliza tena, "Na umepima nini?"

Akanyamaza. Kupitia simu nilisikia gari likipita barabarani kwao, lakini yeye kimya.

Hapo ndipo ninapotaka mnisikilize, hasa ninyi vijana mnaojifunza ufundi wa pano za jua na batri hapa kijijini, kwa sababu treni ya Liège na taa ya mtumbwi wa Makobola zina ugonjwa mmoja, na anayetibu kwa kubadilisha vipuri kabla ya kupima anachoma fedha ya mtu.

Ngoja kwanza nieleze treni hizo zinavyoamriwa, maana mimi mwenyewe ilibidi mpwa wangu anifundishe. Zamani ilikuwa rahisi. Reli mbili ni waya mbili. Ukitia umeme mdogo, treni inakwenda polepole, ukiongeza, inakimbia, ukigeuza chanya na hasi, inarudi nyuma. Ubaya wake ni kwamba ukiweka treni mbili kwenye reli hiyo hiyo, zote mbili zinatii kwa pamoja, kama mbuzi wawili kwenye kamba moja. Kisha wakaja Wajerumani wa kampuni ya Lenz wakabuni njia nyingine, na katika miaka ya 1990 chama cha wajenzi wa treni ndogo cha Marekani, NMRA, kikaifanya kuwa kanuni, ili kisanduku cha kampuni hii kiweze kuamuru treni ya kampuni ile.

Katika njia hiyo, reli zina umeme kamili wakati wote, volti kumi na nne au kumi na tano hivi, hata treni ikiwa imesimama. Ila umeme huo haukai upande mmoja. Unageuka chanya na hasi maelfu ya mara kwa sekunde, na ule mgeuko wenyewe ndio maneno. Mgeuko wa haraka, ambao kila nusu yake inadumu sehemu 58 za milioni za sekunde, ni moja. Mgeuko wa taratibu, ambao kila nusu yake inadumu sehemu 100 za milioni au zaidi, ni sifuri. Moja na sifuri zikipangwa zinatoa ujumbe: namba ya treni, amri yake, na mwishoni tarakimu za kuhakikisha kwamba ujumbe haukuharibika njiani. Ndani ya kila kichwa cha treni kuna kibao kidogo kinachoitwa dikoda. Dikoda inasikiliza ujumbe wote unaopita relini, na ikisikia namba yake inatii. Namba isiyo yake inaiacha ipite. Tarakimu za mwisho zikikataa kulingana, inautupa ujumbe wote na kusubiri unaofuata.

Mmeona jambo hilo lilivyo zuri? Waya mbili zile zile zinabeba chakula na maneno kwa pamoja. Mimi nililipenda siku ile ile. Lakini hapo hapo ndipo ugumu unapozaliwa. Umeme ukidhoofika, hujui kama treni imesimama kwa njaa au kwa kutosikia. Mtu asiye na subira anasema, kibao kimekufa. Anakwenda dukani.

Nikamwambia mpwa wangu: chukua balbu ya gari ya volti kumi na mbili, ile ya taa ya breki ya nyuma, inayokula wati 21. Ifunge kwenye waya mbili. Chukua na multimita yako, iweke kwenye umeme wa kugeuka. Pima Kalundu bila balbu, pima Kamanyola bila balbu. Halafu weka balbu Kalundu upime, uipeleke Kamanyola upime. Akasema, "Mjomba, mita yangu ni ya bei rahisi, imetengenezwa kwa umeme wa nyumbani unaogeuka mara hamsini kwa sekunde. Huu wa treni unageuka zaidi ya mara elfu tano. Itadanganya." Nikamjibu kwamba hata ikidanganya, itadanganya sawasawa huku na kule, na sisi tunatafuta tofauti tu.

Bila balbu, Kalundu ilisoma volti 14.6 na Kamanyola 14.4. Karibu sawa. Kwa kipimo hicho peke yake ungeapa kwamba njia ni nzima. Balbu ilipowekwa Kalundu, ikasoma 14.2. Ilipopelekwa Kamanyola, ikasoma 9.1, na mwanga wake ulikuwa umefifia waziwazi.

Kijana wangu ninayemfundisha hapa alikuwa amekaa karibu nami, anaisikia sauti ile kwenye simu. Akaruka. "Hiyo ni kama taa ya mwisho ya mtumbwi!" Akili yake ilinifurahisha mno.

Ndiyo. Waya au kiungo kibovu hakionyeshi ubovu wake kikiwa hakina kazi. Ni kama mbeba mizigo anayekuambia ana nguvu akiwa amekaa chini. Mtwike gunia ndipo utajua. Batri nayo ni hivyo hivyo. Batri iliyochoka inaweza kusoma volti kumi na mbili na nusu asubuhi mbele ya mteja, halafu taa ikiwashwa inashuka hadi kumi. Ukipima bila mzigo unajidanganya, na ukimwuzia mtu kwa kipimo hicho unamdanganya na yeye.

Mpwa wangu alikuwa ameunganisha waya mbili tu, pale Kalundu. Kutoka hapo umeme ulikuwa unatembea ndani ya reli zenyewe, kipande hadi kipande, kupitia vibati vidogo vinavyoshika ncha za reli. Chuma cha reli zile ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Hakipigi kutu haraka, lakini kinapitisha umeme vibaya kuliko shaba safi, tena kwa mbali sana. Na kila kibati kilicholegea kinachukua kodi yake. Sange imekula kidogo, Luvungi imekula kidogo, hadi Kamanyola inapata makombo. Kuanzia Luvungi dikoda ilikuwa inashindwa kubaki macho.

Dawa yake wanaijua wote wenye treni hizo: unapitisha waya mkuu mnene wa shaba chini ya meza, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kila kipande cha reli unakilehemu waya mwembamba unaoshuka hadi kwenye waya mkuu. Reli zinabaki kubeba magurudumu. Kubeba umeme kunabaki kwa shaba.

Sasa njooni mtumbwini. Chukueni taa zinazokula ampea tano kwa jumla, batri ikiwa nyuma na taa ziko mbele, mita kumi. Umeme unakwenda mita kumi na kurudi mita kumi, kwa hiyo njia ni mita ishirini. Ukitumia waya wa milimita robo tatu za mraba, ule mwembamba unaouzwa kwa bei ya kuvutia sokoni, utapoteza volti mbili na nukta tatu njiani. Batri ina kumi na mbili, taa inapata tisa na nukta saba. Ukitumia waya wa milimita mbili na nusu za mraba, unapoteza nukta saba tu ya volti. Nimepiga hesabu hiyo kwa chaki kwenye ukuta wa karakana yangu na haijafutwa hadi leo. Mvuvi anayekuja kulalamika kwamba batri yake ni mbovu, namwonyesha ukuta kwanza.

Nirudi Liège. Mpwa wangu akalehemu waya kumi na sita, jioni nne mfululizo. Akawasha. Kisanduku cha amri kikalia na kuzima papo hapo. Shoti. Akanipigia, safari hii hakutuma sauti ya kurekodi, alipiga kabisa, saa nne usiku. "Mjomba, nimeharibu zaidi."

Nikamwambia hujaharibu. Umevuka waya mahali pamoja, wa kushoto umeulehemu kulia. Kazi ya kumi na sita, mkono unachoka. Akasema basi nitazikagua zote moja moja. Nikamwambia hapana, usianze ya kwanza hadi ya mwisho, utapoteza usiku. Kata waya mkuu katikati, na reli uzitenganishe pale pale. Nusu ya Kalundu iwake peke yake. Ikawaka bila kulia. Kwa hiyo nane hizo ni nzima, mgonjwa yuko katika nane za upande wa Kamanyola. Gawa tena, nne na nne. Gawa tena, mbili na mbili. Kwa mara ya nne alikuwa ameushika waya wenyewe mkononi, wa kumi na moja, pale karibu na Luvungi tena. Vipimo vinne badala ya kumi na sita. Na waya zingekuwa thelathini na mbili, vipimo vingekuwa vitano tu. Kila ukizidisha kazi mara mbili, unaongeza kipimo kimoja. Naliona jambo hilo kuwa zuri kama wimbo, na nawafundisha vijana wangu kabla sijawapa koleo.

Kuna kipimo kingine alichonifundisha yeye. Wenye treni hizo huchukua sarafu na kuilaza juu ya reli mbili, makusudi, ili waziunganishe. Sisi Kongo hatuna sarafu, fedha zetu ni karatasi. Yeye alitumia senti za yuro. Ukiilaza sarafu mahali popote kwenye njia, kisanduku kinapaswa kuzima mara moja. Kisipozima, usishangilie. Maana yake waya ni dhaifu kiasi kwamba hata shoti yenyewe haina nguvu ya kufika kisandukuni na kujitangaza, na umeme unaendelea kupita pale pale kwenye sarafu, unachemsha plastiki ya magurudumu na kuyayeyusha mataruma madogo ya plastiki yanayoshika reli. Akapita na senti yake kila mahali, Kalundu, Uvira, Kiliba, Sange, Bwegera, Luvungi, Kamanyola. Kila mahali kisanduku kikazima. Hapo ndipo nilipojua kazi yake ni nzima.

Lakini nyumbani msithubutu kufanya hivyo na batri ya gari. Nasema kwa herufi kubwa. Kisanduku cha treni kina ulinzi ndani yake. Batri haina. Ukiunganisha ncha za batri kwa chuma, inatoa mamia ya ampea, chuma kinakuwa chekundu mkononi mwako, na hewa inayotoka kwenye batri inaweza kulipuka usoni. Kwenye batri, ulinzi ni fyuzi, karibu kabisa na ncha ya chanya, na fyuzi yenye ampea sahihi. Nimetoa kwenye mitumbwi ya hapa misumari iliyowekwa mahali pa fyuzi. Juu ya mtumbwi wa mbao, wenye mafuta ya mashine, katikati ya ziwa, usiku. Jambo hilo linaninyima usingizi.

Shida ya mwisho ya mpwa wangu ilikuwa Kamanyola yenyewe, na hapo hakuna waya uliokuwa na kosa. Alitaka treni ikifika mwisho izunguke na kurudi Kalundu ikiwa imetanguliza kichwa. Akajenga kitanzi: njia inatoka, inazunguka kama tone la maji, inajiunga na yenyewe pale ilipoanzia. Chora nyumbani kwa kidole mchangani, mistari miwili sambamba, kisha izungushe. Utaona mstari wa kushoto unarudi kukutana na mstari wa kulia. Waya zote ni sahihi, lehemu ni safi, na bado kuna shoti, kwa sababu umbo la njia lenyewe linaikutanisha chanya na hasi. Ungepima kila kiungo mwaka mzima usipate kosa. Hapo lazima uinuke, urudi nyuma hatua tatu, uitazame meza nzima. Dawa yake ni kuzikata reli zote mbili mahali pawili, kitanzi kibaki kisiwa, na kisiwa hicho kipewe kidude kinachogeuza umeme chenyewe treni inapoingia. Gurudumu linagusa, kidude kinageuza haraka kabla kisanduku hakijawahi kulia, treni inapita bila kujua kitu.

Kuna jambo nililosoma kuhusu reli kubwa za kweli ambalo nalipenda kuliko haya yote. Mwaka 1872 Mmarekani aliyeitwa William Robinson alipata hataza ya njia ya kujua kama treni iko mahali fulani. Aliweka batri upande mmoja wa kipande cha reli, na sumaku ya umeme upande wa pili. Umeme unapita relini, unaishika sumaku, taa ya ruhusa inaonekana. Treni ikiingia, magurudumu yake ya chuma yanaziunganisha reli mbili, umeme unapita njia fupi, sumaku inaachia, taa inakuwa ya hatari. Sasa sikilizeni alivyofikiri yule mtu. Waya ukikatika, sumaku inaachia, taa ni ya hatari. Batri ikifa, taa ni ya hatari. Reli ikivunjika, mara nyingi taa ni ya hatari. Ubovu wenyewe anaufanya upige kelele. Hakuacha nafasi ya waya kufa kimya huku taa ikisema pita.

Mambo ya reli hayako mbali nasi kama tunavyodhani. Tanzania ilianza kubeba abiria kwa treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na kufikia mwanzoni mwa Agosti ilikuwa inafika Dodoma. Treni ile inavuta umeme wa volti elfu 25 kutoka waya wa juu. Mwezi Agosti 2025 ilizinduliwa kazi ya kujenga reli ya aina hiyo kutoka Uvinza, Tanzania, hadi Musongati, Burundi, na mpango uliotangazwa ni kuiendeleza baadaye hadi upande wetu wa Kongo. Reli hiyo ikija, itahitaji watu wa kupita na mita usiku kutafuta kiungo kilicholegea. Nataka watu hao watoke hapa, kwenye ukingo huu wa ziwa. Sitaki watoto wetu waajiriwe kubeba mawe tu ya kutandika chini ya reli.

Na ndiyo maana nina hasira na tabia moja, na leo nitaisema. Mwaka jana alikuja mama mmoja, mjane, anauza ndagala wakavu. Nyumbani ana pano moja ya wati hamsini, taa mbili, na mahali pa kuchaji simu za majirani, ndipo anapopata sabuni. Umeme ulipokatika alimwita fundi. Fundi akatazama batri, akasema imekufa. Mama akauza mzigo wake kwa hasara akanunua mpya. Wiki mbili, giza tena. Fundi akasema sasa ni kidhibiti cha chaji. Akanunua. Giza. Ndipo alipokuja kwangu, amebeba vitu vyote kwenye beseni kichwani.

Nilikwenda kwake na balbu yangu. Batri ya zamani, baada ya kuichaji, ilikuwa nzima, inaiwasha balbu dakika ishirini bila kushuka. Nikapima kwenye kidhibiti: hakuna kitu kinachotoka juu. Nikapima mgongoni mwa pano: volti kumi na nane. Basi mgonjwa yuko katikati. Nikatafuta katikati ya katikati. Chini ya ukingo wa bati, mahali waya mbili ziliposokotwa kwa mkono na kufungwa kwa mfuko wa plastiki, maji ya mvua yalikuwa yameingia. Nilipofungua, shaba ilikuwa ya kijani, inavunjika kama jani kavu. Nikakata sentimita tano, nikalehemu, nikafunga vizuri. Kazi ya nusu saa. Mama alikaa kwenye kigoda akazitazama batri mbili, ya zamani na mpya, hakusema neno.

Sikumdai chochote siku ile. Fundi aliyemtangulia simfahamu, na hata ningemfahamu nisingemtaja hapa redioni. Huenda hakuwa mwizi. Huenda hakuwahi kufundishwa kuuliza waya kabla ya kuihukumu batri. Basi kwenu ninyi mafundi mnaonisikia: multimita ya bei ndogo kabisa inagharimu kidogo kuliko batri moja uliyomnunulisha mtu bure. Na msioweza kuinunua sasa, balbu ya gari na waya mbili tayari ni kipimo. Kwenu ninyi wateja: fundi akikuambia kitu kimekufa, mwambie kwa heshima, "Mwanangu, nionyeshe." Aiwashe balbu mbele yako. Ikiwaka na kudumu, kitu chako kiko hai.

Juzi mpwa wangu alinitumia video. Chumba amekizima taa. Unaona buluu ya ziwa, unaona gati la Kalundu na meli ndogo ya karatasi ngumu. Treni inaondoka, kichwa kina taa ya rangi ya asali. Inapita Uvira, inapita Kiliba, inakata uwanda, Sange, na mimi huku nimeshika simu kwa mikono miwili nasubiri Luvungi. Taa haikupepesa. Ikaingia Kamanyola, ikazama nyuma ya mlima wa plasta, sekunde kadhaa hakuna kitu, halafu ikatokea upande wa pili imetanguliza kichwa, inarudi ziwani. Nilimwonyesha dada yangu. Akauliza, "Na sisi Makobola, ametuweka wapi?" Kusini kwa Kalundu meza imekwisha, ukuta umeanza. Nimemwambia mtoto wake, na amesema atatoboa ukuta.

Zile taa tatu, sasa. Mbili tatizo lake lilikuwa waya mwembamba, nimebadilisha. Ya tatu bado naitafuta: inazimika mtumbwi ukiyumba tu, ikiwa mezani inawaka vizuri. Kesho asubuhi tutaipeleka majini, mimi na kijana wangu, tuyumbishe mtumbwi pale ufukweni na mita ikiwa imefungwa. Mwenye taa hiyo, kama unanisikia, njoo na wewe, na uje na kasia.